Wimbo wa Kombe Mwezi wa Tano

Chipata,
29 Machi 1987

Mdogo wangu Kasuba,

Nisamehe kwa kukaa miezi mitano bila kukuandikia. Barua zako mbili zilifika, nikazisoma, nikaziweka chini ya godoro nikisema nitajibu kesho. Sina sababu ya kukupa zaidi ya mtoto. Lubuto ameota meno mawili ya chini na anayajaribia kwangu. Usingizi nimeusahau. Wiki iliyopita nilimimina maji ya kuoga kwenye ndoo ya unga, na unga wenyewe unajua unavyopatikana siku hizi. Nikakaa chini nikalia, halafu nikaupika wote. Tulikula nshima siku hiyo mpaka majirani wakadhani tuna msiba.

Mume wangu hajambo, bado yuko na kazi yake ya barabara, anarudi Ijumaa amejaa vumbi hadi kwenye kope. Baba anaendeleaje na kifua? Mwambie aache kukaa nje jioni bila koti. Na wewe ule. Tangu Mama atutoke mimi ndiye niliyekulisha, sitaki kusikia umekonda.

Sasa nikuulize. Jumapili nilikwenda kwa jirani yangu NyaTembo kuomba chumvi. Mumewe ana redio. Mtangazaji akasema, "Luanshya: Kalulu mbili, mabingwa wa mwaka jana moja." Kalulu, sungura wetu, timu ya nyumbani! Nikaisahau chumvi. NyaTembo akaniangalia akacheka. Unawajua hawa Wangoni na sisi Wabemba, utani wao hauna likizo.

"Ee, mla nyani! Mmeshinda mechi moja, unataka kupanda juu ya paa langu?"

"Angalau tuna ya kushinda, mla panya. Ninyi timu yenu iko wapi? Mliibanika mkaila?"

"Haya, sema basi. Mwaka huu mnachukua kombe?"

"Hatuchukui kitu. Tunafagia tu."

Akadhani kukosa usingizi kumenipanda kichwani. Ikabidi nimweleze: kwamba sisi akina mama wa Kalulu hufagia lango la uwanja kabla ya mechi, kwamba neno kombe halimtoki mtu mdomoni mpaka mzunguko wa kwanza wa ligi uishe, na anayelitaja kabla analeta kuku na kukaa nyuma. Akasema, "Kumbe mnaiogopa furaha." Nikamwambia hatuiogopi, tunainyemelea. Ukiikimbilia inaruka majanini.

Halafu redio ikaweka kelele za uwanjani kidogo. Niliwasikia akina mama wetu. Nilimsikia anayeanzisha wimbo. Ni wewe? Katika barua zako zote mbili hukugusia. Sauti ilikuwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa, lakini labda ni redio.

Niandikie. Usiache kitu.

Dada yako,
Namukolo


Luanshya,
16 Aprili 1987

Dada yangu mpenzi, Mama Lubuto,

Barua yako imefika na Baba amenifanya nimsomee mara tatu, sehemu ya unga mara nne. Amecheka mpaka akakohoa. Kifua chake ni kilekile, koti havai, anasema miaka ishirini na sita chini ya mgodi haikumuua, upepo wa jioni ndio utamuua? Mimi sijakonda. Nimeanza kazi ya kushona kwa fundi wa pale sokoni, nashona mifuko ya sare za shule. Mifuko tu. Kwa shati lenyewe bado haniamini.

Ndiyo, Dada. Ni mimi. Sikuandika kwa sababu sikujua niandikeje. Ulipoondoka, Mama Kabaso, kama mkubwa wa akina mama wote wa Kalulu, alianzisha mwenyewe, lakini pumzi yake imekwisha. Mwezi wa pili akanisukuma mbele mbele ya watu wote: "Wewe ni damu ya Namukolo, fungua mdomo tuone." Nikaufungua. Nilijua ungependa kuambiwa, nikajua pia usingependa.

Sasa acha nikueleze ile mechi! Tulifagia lango tangu saa nne asubuhi. Mabingwa walishuka kwenye basi lao wakatuangalia kama tuliokuja kufanya usafi kweli. Mmoja akanipa ganda la chungwa nikamtupie. Nikalipokea, Dada, nikasema asante. Dakika ya kumi wakafunga. Nikaanzisha ule wa sungura na shimo, polepole, kama unavyouanzisha wewe. Kipindi cha pili tukasawazisha kwa kichwa, kona. Dakika ya themanini na nne, winga wetu yule mwenye miguu ya upinde akapita wawili, akaanguka, akainuka, akapiga hata haangalii. Bao! Baba alirusha fimbo yake, ikampata mtu wa jukwaa la chini, na yule mtu akamkumbatia.

Basi tukitoka, ungewasikia wanaume.

"Naona kama mwaka huu..."

"Nyamaza!"

"Sijasema kitu! Nasema naona kama mwaka huu mvua zimechelewa."

"Mvua ndiyo. Ongelea mvua."

Njia nzima watu wazima wanaongelea mvua huku meno yote yako nje. Ndivyo tulivyo tangu siku hiyo. Tumeshinda mbili nyingine, tumetoka sare moja. Baba amekata jedwali la ligi kwenye gazeti, amelibandika nyuma ya mlango wa choo ili asionekane analitazama.

Dada, nina ombi. Akina mama wanasema anayeanzisha hawezi kusimama na kitenge cha sokoni. Ile nguo ya kijani yenye sungura aliyeshonwa, uliyopewa na Mama Kabaso, ipo kwako. Uliondoka nayo ukisema utarudi baada ya mwaka. Mama Kabaso anasema haitoki mpaka mwenye nayo aitoe kwa hiari. Je, unaweza kunitumia? Hata kwa msimu huu tu.

Mbusu Lubuto kwa ajili yangu. Nimemshonea mfuko mmoja, sijui ataweka nini.

Mdogo wako,
Kasuba


Chipata,
3 Mei 1987

Mdogo wangu Kasuba,

Safari hii sikuchelewa, unaona. Lubuto alikuwa na homa siku nne, sasa amepoa, ila ananing'ang'ania kama gundi. Nimepika, nimefua, nimeosha, nimekaa. Hii ndiyo starehe yangu ya wiki. Mfuko umefika. Ameutia mdomoni.

Nafurahi kwamba umepata kazi. Nafurahi kwamba timu inashinda. Nafurahi kwamba Mama Kabaso amekuona. Nimeandika "nafurahi" mara tatu, imetosha.

Ila nikuulize kidogo tu. Ule wa sungura na shimo hauanzishwi polepole mkiwa mmefungwa. Polepole ni pale mnapoongoza. Mkifungwa unauanzisha kwa kasi, unakanyaga chini kwa kisigino cha kulia, wenzako wakushike. Nilikufundisha hilo ukiwa na miaka kumi na moja, tumekaa pale kwenye bomba. Mmepata bahati, basi. Na yule winga mwenye miguu ya upinde, alipokuja majaribio na viatu vya kuazima, wanawake wote walimcheka. Nani aliyemwimbia siku hiyo? Muulize.

Kuhusu nguo. Haiwezekani kwa sasa. Lubuto halali bila hiyo. Nimemzoesha kubebwa na hiyo tangu siku ya kwanza, na ukimbeba na nyingine analia mpaka anatapika. Usinione mbaya. Mtoto ni mtoto. Na mwaka bado haujaisha vile ninavyouhesabu mimi.

NyaTembo anauliza habari zenu kila Jumapili. Leo kaja na redio mkononi: "Jirani mla nyani! Leo wamefagia wapi?" Nikamwambia Kabwe. Akasema, "Mdogo wako anaimba vizuri kuliko wewe unavyolalamika." Alikuwa anatania. Nilimrudishia sahani yake bila kuiosha.

Hata hivyo sitaki useme dada yako amekutupa. Nguo sitoi, lakini wimbo nakupa. Nimeutunga usiku wa jana. Ni mpya, haujaimbwa na mtu. Unaanzisha:

*Seremala, pima kabati, pima vizuri!*

Nao wanaitikia:

*Kombe la Kalulu linataka kulala!*

Najua utastuka. Lakini zama zinabadilika, Kasuba. Mwiko ni wa timu inayojidharau. Mkiwa mnaongoza, uwanja umejaa, uimbe. Utaona watu watakavyoruka. Mwanzilishi wa kweli si anayerudia ya jana.

Kula. Msalimie Baba.

Dada yako,
Namukolo


Luanshya,
12 Julai 1987

Dada Namukolo,

Habari za huko. Sisi wazima. Baba alilazwa siku mbili akatoka. Koti sasa anavaa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Fundi ananipa mashati sasa.

Wimbo wako niliuanzisha Jumapili tarehe 31 Mei. Tulikuwa tunaongoza moja bila, timu iliyokuja ilikuwa ya mkiani, uwanja umejaa kama ulivyosema. Niliwafundisha akina mama saba tu wa mbele, wale vijana, nikawaambia wasiwaambie wakubwa. Nilipofika "linataka kulala" nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia pale uwanjani. Watu elfu kadhaa wananyamaza kwa mara moja. Mpira ukiwa unachezwa. Hata kipa wetu aligeuka kutazama jukwaa. Bao la kusawazisha liliingia akiwa bado hajageuka vizuri.

Tulifungwa tatu kwa moja. Tukafungwa na iliyofuata, na iliyofuata. Mzunguko wa kwanza umeisha tuko nafasi ya sita.

Siku ileile pale langoni Mama Kabaso alinishika mkono.

"Huu wimbo umetoka wapi?"

"Kwangu, Mama."

"Kwako? Wewe uliyelelewa na Namukolo? Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa. Nilisahau."

"Mtoto, mtu anasahau chumvi. Hili halisahauliki."

Nililipa kuku. Nakaa nyuma sasa, karibu na wauza karanga. Mmoja ananiita Seremala. Baba hajaniuliza kitu, ila lile jedwali amelibandua. Akina mama wana mkutano Jumamosi tarehe 12 Septemba kuchagua mwanzilishi. Wengi wanakutaka wewe, Dada. Mama Kabaso anasema wewe ndiye mwenye nguo. Ukituma neno moja tu kwamba mnarudi kabla ya mwaka kwisha, watakungojea, hatawekwa mtu. Ameniagiza nikuandikie hivyo, nami nimekuandikia.

Labda umekaa mbali muda mrefu ukasahau jinsi watu wa hapa walivyo. Nimejiambia hivyo.

Mbusu mtoto.

Kasuba


Chipata,
30 Agosti 1987

Kasuba, mdogo wangu, mwanangu,

Barua yako ilifika tarehe 25 Julai. Nimeizunguka mwezi mzima kama kuku anayemzunguka nyoka. Nisamehe kwa kuchelewa tena. Safari hii usimsingizie mtoto. Lubuto anatambaa, analala usiku, hana kosa. Mwambie Baba nimemwombea kifua chake. Mwambie nimesema alibandike tena lile jedwali.

Sikusahau kitu.

Nataka uisome sentensi hiyo mara mbili kabla hujaendelea. Sikusahau. Niliandika neno kombe nikalifuta, nikatembea na mtoto mgongoni mpaka mlangoni, nikarudi nikaliandika tena kwa kulikoleza. Nilijua ungeniamini kwa sababu hujawahi kuacha kuniamini tangu ulipokuwa huwezi kufunga viatu. Nilitaka mfungwe. Moja tu, nilijiambia, moja tu, ili watu watazamane waseme angekuwepo Namukolo.

Nilikuwa na wivu na wewe. Wivu wa kijinga, ule wa tumboni. Nilikuonea wivu kwa koo lako. Nilikuonea wivu kwa lile ganda la chungwa. Nilikuonea wivu kwa sababu unatoka nyumbani saa nne asubuhi unarudi jioni na hakuna anayekulilia mlangoni. Hapa kila mtu ananiita Mama Lubuto na mtoto wangu nampenda kuliko pumzi, lakini pale langoni nilikuwa mtu ambaye watu elfu tatu walimsubiri afungue mdomo. Nikasikia redioni kwamba wameshinda, na mdomo si wangu. Kama mngefungwa siku ile ya kwanza ningelala vizuri. Mimi, wa Kalulu tangu tumboni! Mtu anaweza kufika huko, Kasuba, na haoni hata njia aliyopita.

Siku mlipofungwa tatu kwa moja nilipika vizuri jioni. Mume wangu akauliza kuna sherehe gani. Kisha NyaTembo akaja kunipa pole. Aliuacha utani wake wote mlangoni, akanishika mkono, akasema, "Pole, dada, najua hii ni timu ya nyumbani kwenu." Nilitamani aniite mla nyani. Niliipokea ile pole, na bado sikuandika. Ilipokuja barua yako na ule mstari wa "Kwangu, Mama", ndipo nilipojiona.

Mwezi mzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Wananitaka. Neno moja tu. Na kweli mume wangu amesema huenda tukahamishiwa Ndola, hapo karibu nanyi, Desemba. Mara mbili nilianza kuandika, "Mwambie Mama Kabaso ninakuja." Mara mbili nikaiweka motoni. Ningesimama vipi mbele yao huku wewe uko kwa wauza karanga unaitwa Seremala kwa kosa langu?

Kwa hiyo sikiliza, na hapa nasema kama dada mkubwa, si kama mtu wa kubembelezwa.

Barua hii analeta dereva wa lori la pamba, anaitwa Mwanza, ni mtu wa kanisani kwetu, atakuwa Luanshya kabla ya tarehe 5. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, imekunjwa, juu nimeandika jina la Mama Kabaso. Humo nimeeleza yote, nani alitunga na kwa nini. Isomwe mkutanoni kwa sauti. Usiifiche kunilinda. Najua unalifikiria hilo sasa hivi, nakukataza. Uliponilinda mara ya kwanza ulinionyesha jinsi nilivyo mdogo. Inatosha.

Mwanza amebeba pia jogoo. Yule kuku uliyelipa alikuwa deni langu, mwiko niliuvunja mimi. Jogoo huyu ni mkali, mfungeni miguu.

Na amebeba nguo. Nimeifua mara tatu. Kuna doa la maziwa karibu na sikio la sungura, halikutoka. Naitoa kwa hiari yangu, andika hivyo, tarehe ya leo, na NyaTembo ni shahidi, amesimama hapa ananihimiza nimalize kwa sababu lori linaondoka. Ameuliza nguo hii ni ya nini mpaka nailia. Nikamwambia. Akasema, "Ninyi wala nyani mna mambo mazito." Nimeshukuru.

Kama watakuchagua, anzisha. Kama hawatakuchagua, ivae hivyohivyo ukae nayo kwa wauza karanga, kwa sababu aliyekupa ni mimi, na mwenye haki ya kuitoa ni mimi. Lakini watakuchagua. Nilikusikia redioni. Niliandika kwamba sauti ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa. Ilikuwa mahali pake hasa. Mimi sijawahi kufika pale.

Nimesikia Jumapili mmeshinda mbili bila, na kwamba mko nafasi ya nne. Hapa mvua bado. Naona kama mwaka huu zitachelewa.

Dada yako anayekupenda na anayekuomba msamaha,
Namukolo

Ninavyohitaji bado, Mwanza anarudi huku tarehe 16, mpe yeye: sabuni ya kufulia, ile ya bluu, vipande viwili, flaneli mita moja na nusu, rangi yoyote ila si nyeupe, kitenge cha kawaida cha kubebea mtoto, kisiwe kipya, kile chako cha sokoni kinafaa, sindano za kushonea, kubwa mbili na ndogo moja, chikanda, ule mkate wetu wa viazi vya porini na karanga, kipande kimoja, hata kikikauka njiani nitakitafuna hivyohivyo, jibu la Mama Kabaso kama lilivyotoka mdomoni mwake, hata kama ni tusi, usilipunguze, na maneno ya wimbo utakaoanzisha, ila usiniandikie mstari wa mwanzilishi, niandikie kiitikio tu.